Siku Nne za Fundi Viatu

Kaka yangu akiingia chumbani kwangu, kabla ya salamu, huvua viatu na kuvipanga ukutani. Mwanangu, ambaye bado anatambaa, huvifuata hapo hapo na kuanza kuvuta kamba.

"Mwache," kaka husema. "Vimekanyaga viwanja vitano leo. Na yeye asafiri kidogo."

Kisha hukaa kwenye kiti cha wateja, huweka simu kifuani na kufumba macho. Mimi naendelea kushona. Vyerehani vyangu ni viwili na kimoja kina kelele kama bata, lakini hakijawahi kumwamsha. Kinachomwamsha ni simu tu.

Yeye ni rubani. Watu wakisikia neno hilo humtazama kana kwamba ana hela hadi kwenye soksi. Kampuni yao ni ndogo, ina ndege za pangaboi za watu hamsini, zinazoruka miji ya karibu, zinatua, zinapakia, zinaruka tena. Kuna mshahara mdogo wa kila mwezi, halafu kuna saa za kuruka. Saa hiyo huanza magurudumu yakianza kubingirika na huisha yakisimama. Ukikaa kiwanjani asubuhi nzima kungoja ukungu uondoke, umekaa kwa raha zako. Na siku za kungoja simu, kama hizi anazokuja kulala kwenye kiti changu, amevaa sare na hawezi kwenda popote, hizo hazina saa kabisa.

Kapteni hukaa kushoto, ana mistari minne ya dhahabu mabegani. Msaidizi wake hukaa kulia, ana mitatu. Ndege moja, mawingu yale yale, lakini saa ya kushoto bei yake ni karibu mara mbili ya saa ya kulia. Kaka ana miaka arobaini na tatu na bado yuko kulia. Wenzake wanamwita Babu.

Si kwamba hajui kazi. Hao makapteni wa leo, wengine aliwafundisha kusoma ramani za hewa wakiwa hawajui hata kufunga tai. Ila kwenye kampuni yao kinachompandisha mtu ni tarehe aliyoajiriwa. Kuna orodha imebandikwa karibu na mlango wa chumba chao cha kupumzikia, jina chini ya jina, tarehe kando ya jina. Kiti cha kushoto kikifunguka, anaitwa wa juu. Ukitoka kwenye kampuni ukarudi, unaanzia chini kabisa, hata uwe umeruka mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Kaka alikuwa wa sita kwenye orodha hiyo zamani. Kisha ukaja mwaka ambao abiria walipotea, ndege zikaegeshwa zimefungwa vitambaa machoni, na kila rubani akapewa barua ya kuchagua: kukaa nyumbani bila mshahara, au kuacha kazi na kupewa kiinua mgongo chake. Mama yetu alikuwa wodini anangoja kupasuliwa. Kaka akatia saini ya kuacha. Mama akapasuliwa, akaishi miaka mitatu mingine, akanifundisha kutarizi kwa mkono. Sijawahi kumsikia kaka akiijutia ile saini.

Anachojutia ni viatu.

Maana ndege zilipoanza tena kuruka, kampuni ilimpigia simu. Njoo Alhamisi, utie saini upya. Na viatu vyake vyeusi, vya pekee alivyokuwa navyo, vilikuwa kwa fundi vinabadilishwa soli. Akaona aibu kwenda ofisini na ndala. Akaomba, nije Jumatatu? Wakamwambia hakuna shida. Kweli hakukuwa na shida. Ila Alhamisi ile alikwenda msichana mmoja aliyetoka chuoni juzi tu, mrefu, mwembamba, wanamwita Chiriku kwa sababu akishika redio ya ndege hanyamazi. Akaandikwa Alhamisi. Kaka akaandikwa Jumatatu. Miaka tisa wamepanda pamoja kwenye ile orodha, Chiriku juu, kaka chini yake, kama watu wawili kwenye ngazi moja. Na tangu mwaka ule kaka ana jozi mbili za viatu, moja haivaliwi.

Mwezi uliopita kapteni mmoja alistaafu. Kiti kimoja kikafunguka. Kimoja tu. Jina la anayekwenda kwenye kozi ya ukapteni lingebandikwa Ijumaa, na kila mtu alijua ni la Chiriku. Baada ya hapo ni kungoja mwingine astaafu, na anayefuata kustaafu amebakiza miaka minne.

Jumanne ya wiki hiyo kaka alikuja na mfuko wa plastiki.

"Mdogo wangu, kuna suruali humo. Ilegeze kiuno, lakini isijulikane."

Sare zote za kampuni yao zinapita kwangu, yeye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, kwa hiyo sikushangaa. Nilishangaa nilipoitoa.

"Ya nani hii, kiuno kama cha nyigu?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Fundi anashona kiuno au anashona jina?"

Nikaigeuza ndani nje. Mfukoni kulikuwa na kipande cha tangawizi, kimetafunwa upande mmoja, kimezungushiwa karatasi ya chooni. Mimi mwenyewe mimba ya huyu mtoto ilinitembeza miezi mitatu na tangawizi mfukoni. Nikakaa nayo mkononi.

"Ni ya Chiriku," nikasema.

"Sijakwambia hivyo."

"Miezi mingapi?"

"Hujaniuliza hivyo." Akafumba macho. Halafu akiwa amefumba akasema, "Daktari wake kamwona. Mzima, na kuruka anaruhusiwa bado. Ila kampuni ikijua inamshusha, anakaa ofisini kupanga makaratasi mpaka ajifungue. Na aliyekaa ofisini haitwi kwenye kozi. Wanamruka, anaitwa anayefuata."

"Akishaitwa je?"

"Akishaitwa, kiti ni chake. Atakwenda kuzaa, watamngoja."

Anayefuata ni yeye mwenyewe, na kofia yake ilikuwa mezani pangu, naiona na alama ya jasho ndani. Nilifumua mkanda wa suruali, nikatia mpira pande mbili, mahali ambapo koti linafunika.

Sasa wifi yangu, mke wa kaka, anauza kwenye duka la dawa, na macho yake ni ya kusoma maandishi ya madaktari. Jumatano alipita kuchukua sketi ya binti yao, akaikuta ile suruali imening'inia kwenye msumari, haijapigwa pasi. Akaishika, akavuta mpira, ukarudi tap. Akavuta tena.

"Wifi, hii ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja rubani, mwanamke, mrefu, anatiwa mpira kiunoni." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kampuni nzima wako wawili. Mmoja ana wajukuu." Akageukia kiti. "Baba watoto. Usijifanye umelala, kope zinacheza."

Kaka akafungua jicho moja.

"Unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoacha kahawa."

"Na Ijumaa wanabandika jina."

"Ijumaa."

Wifi alikaa juu ya rundo la vitambaa vyangu, jambo ambalo hafanyi, ni mtu wa usafi. Akashusha sauti. "Simu moja tu. Hata usiseme wewe ni nani. Useme tu wampime. Si uongo, ni kweli tupu. Sheria yao wenyewe."

"Sheria yao wenyewe," kaka akakubali.

"Basi?"

"Basi nini?"

"Wewe ni mtu au ni godoro? Kila anayepita anakulalia! Yule kijana uliyemfundisha kuandika ripoti sasa anakuagiza chai. Anakuagiza chai, wewe!"

"Huwa anasema tafadhali."

Nilijificha nyuma ya cherehani, kicheko kimenikaba. Wifi mwenyewe alikaribia kucheka, midomo ikaanza, halafu ikageuka ikawa kilio bila sauti, machozi tu. Akasema hataki hela. Binti atasoma, watafanya mpango. Alichochoka nacho ni kumpokea mlangoni kila siku akiwa amemalizika hivi, mtu aliyetumika kama sabuni, na kesho yake kumpeleka tena. Alitaka siku moja arudi akiwa ameongezeka.

Kaka alimchukua mwanangu aliyekuwa anamvuta suruali, akamweka gotini.

"Mama watoto, nikipiga simu hiyo nitakaa kushoto. Ni kweli. Na kila asubuhi nikikaa nitajua nimemkalia mtoto wa mtu."

"Hatajua."

"Mimi je?"

Wifi alifuta uso kwa kanga ya mtoto. Akasimama, akaishika tena ile suruali. Kwa kweli niliogopa ataichana, nikainuka. Akavuta mpira, akaupima na kidole gumba.

"Huu mwembamba," akaniambia kwa hasira. "Mwezi ujao utamkata tumbo. Weka mpana."

Akachukua sketi, akaondoka. Baadaye nilikuta ameacha hela ya sketi mezani, na sisi wawili huwa hatulipani.

Msifikiri kaka hakujaribiwa. Alhamisi alichelewa. Kampuni ilikuwa inaajiri wasaidizi wapya, akawekwa kusimamia mtihani: vijana mia mbili na zaidi, nafasi nne. Aliniambia ukumbi mzima ulinuka rangi ya viatu na mashati mapya. Kijana mmoja alimfuata nje akamwita kapteni, naye kwa uchovu hakumsahihisha. Kijana akauliza, kapteni, inachukua miaka mingapi kutoka kulia kwenda kushoto?

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikamwambia viatu." Akacheka peke yake. "Aliandika, masikini. Alikuwa na daftari."

Kisha akaniuliza, "Ule utepe bado unao?"

Ninao. Mwaka ule alipokuwa wa sita nilinunua utepe wa dhahabu, nikakata vipande viwili vya bega la kulia na la kushoto, nikavitia kwenye kopo la biskuti chini ya vifungo. Mstari wa nne. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu, ni hela yangu ya kwanza ya ushonaji. Nikamtolea. Akazungusha kipande kimoja kwenye kidole, kama pete, akakitazama dirishani. Dhahabu imeanza kufifia kwenye ukingo.

Nikarudi kwenye cherehani, ila mbele yangu kuna kioo cha wateja, kile kirefu chenye ufa. Nilimwona kwenye kioo akichukua simu. Akatafuta jina, dole gumba likasimama. Nilijua ni la nani: mkuu wa marubani. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali na sikuikanyaga. Nilitaka kusema kitu. Sikujua niseme kipi, maana kaka ni kaka yangu, na suruali ile niliishona mimi.

Mwanangu akapiga chafya. Kaka akaweka simu kifuani.

"Funga kopo," akasema.

Ijumaa saa sita mchana jina lilibandikwa. Chiriku. Kaka alinitumia ujumbe wa neno moja, "Limetoka," na nilijua lingekuwa lake angepiga simu. Wifi alikuja jioni, hakuuliza. Alinisaidia kukunja mashati, kisha akasema duka lao limeleta vidonge vizuri vya kichefuchefu, visivyodhuru mtoto, kama kuna mteja wangu anahitaji.

Jumatatu ya pili Chiriku alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa marubani akamweleza. Wamemshusha, kozi inamngoja. Alinijia siku hiyo hiyo na suruali nyingine mbili, na kweli hanyamazi yule, alizungumza habari za hali ya hewa, za mama mkwe wake, za mpira mpana unavyokaa vizuri. Alipofika mlangoni tu ndipo alipoishiwa maneno.

"Babu hakuniambia kitu," akasema. "Alibeba tu mfuko."

"Ndivyo alivyo."

"Angeweza."

"Angeweza," nikasema.

Alikaa kidogo na mkono kwenye fremu ya mlango, kisha akashuka ngazi polepole.

Leo kaka amekuja tena kungoja simu. Sasa ni wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza wa kulia. Amepungua, nimemwambia avue suruali yake niibane kiuno, akakataa, eti simu ikilia atakwenda na chupi? Amelala mdomo wazi. Soksi ya kushoto imetoboka kidoleni, nitaishona akiamka.

Haijafika nusu saa. Simu imelia, ni ofisi ya ratiba. Safari za Chiriku zote za wiki hii hazina mtu. Je, Babu ataweza? Nne leo, tano kesho.

"Nitaweza," amesema, hata sauti haijaamka.

Ameinuka, amejinyoosha, mgongo ukalia. Ametazama ukutani, kiatu kimoja hakipo. Mwanangu amekiburuta chini ya meza na amekilalia humo, shavu juu ya ngozi, usingizi mzito. Nimeinama nimchukue.

"Mwache," kaka amesema.

Amefungua begi lake la safari, ametoa ile jozi ya pili, ambayo soli zake hazijagusa barabara, akavaa amesimama, akaenda.