Goti la Punda wa Zombe

Punda mwenyewe alikuwa jike, wa kijivu, mpole kupita kiasi. Alikuwa wa mume na mke waliokaa nje kidogo ya soko la Zombe. Mume alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti hata jua likiwaka. Mke ndiye aliyekuwa akienda na yule punda kisimani kila asubuhi.

Mimi ni daktari wa mifugo. Wakati huo timu yetu ilikuwa inajaribu dawa ya kudungwa ndani ya goti la punda, ute mzito unaosaidia kulainisha maungio yanayoanza kusagika. Tulikuwa na punda Kasikeu, upande wa Makueni, na wengine huku Zombe, Kitui. Baadhi yao walipata dawa yenyewe na wengine maji ya chumvi, ili tulinganishe. Chupa zilikuwa na namba tu, kwa hivyo hata mimi niliyeshika sindano sikujua nadunga nini. Wenye punda niliwaeleza hayo yote kwa Kikamba kabla hawajakubali.

Siku ya sindano tulimpa yule jike dawa ya kumtuliza, nikamnyoa manyoya ya goti, nikaliosha mara kadhaa, kisha nikavuta ute kidogo. Ute wa goti zima huvutika kama uteute wa yai bichi. Wake ulidondoka kama maji. Nikamdunga, nikawaambia wenyewe, "Sasa apumzike wiki mbili. Asibebe kitu."

Mke akauliza, "Na maji?"

"Si utabeba?" mume akasema. "Zamani hukuwa unabeba kwa mgongo?"

Mama aliniangalia mimi, akainua pindo la sketi kidogo tu. Goti lake lilikuwa limevimba, limekaa upande.

"Daktari, huyu punda na mimi tunaugua kitu kimoja," alisema. "Yeye ameambiwa apumzike. Mimi nani ataniambia?"

Mzee aliliangalia lile goti kwa muda. Nadhani alikuwa hajaliona vizuri kwa miaka mingi. Nilimwambia mama dawa yetu ni ya punda, siwezi kumdunga binadamu, lakini kliniki ya watu naifahamu na nitampeleka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea kuahidiwa.

Niliporudi wiki iliyofuata kumwangalia punda, nilipitia kisimani kwanza. Pale kwenye foleni ya wanawake alisimama mzee na koti lake, ameshika wilbaro iliyojaa mitungi. Wanawake walikuwa wanacheka kwa sauti.

"Mzee wa kanisa, leo umeokoka mara ya pili!" mmoja akamwambia.

"Daktari amesema punda apumzike," alijibu, bila kumtazama mtu.

Wiki mbili ziliisha, punda akarudi kazini, lakini mzee hakuiacha wilbaro. Alisema jike anachechemea akibebeshwa mzigo wote, basi wagawane. Kila nilipokwenda nilimtembeza yule punda kwenye barabara ngumu, nikamkunja mguu, nikamwachia akimbie kidogo nione kama anachechemea. Alikuwa anazidi kupata nafuu. Moyoni nilikuwa na hakika ni dawa.

Baada ya miezi kadhaa, namba za chupa zilipofunguliwa, nikakuta alikuwa amepata maji ya chumvi. Mkuu wetu alishika kichwa. "Huyo mzee na wilbaro yake ametuharibia hesabu," alisema, nusu anacheka. Kwa ujumla dawa ilikuwa imesaidia, hasa wale ambao magoti yao ndiyo kwanza yalianza kuumia. Waliozidiwa haikuwafanyia mengi.

Nilienda Zombe kuwaambia, na njiani nilikuwa na wasiwasi. Mzee akauliza, "Kwa hivyo mimi nimesukuma wilbaro miezi yote hiyo kwa sababu ya chumvi?"

"Ulisukuma kwa sababu ya mzigo," mke wake akamwambia. "Na huyo punda anajua."

Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba waliopata chumvi watapewa dawa mwishoni, kwa hivyo nilimdunga punda siku ileile. Anatembea vizuri sasa, ingawa asubuhi za baridi mwezi wa saba bado huchukua hatua za kwanza kwa kusitasita.

Mama nilimpeleka kliniki kama nilivyomwahidi, na mume wake akaja. Waliambiwa goti halijaharibika sana. Hakudungwa kitu. Alionyeshwa mazoezi ya kuimarisha paja na kukatazwa kubeba maji mgongoni.

Mara ya mwisho nilipopita kwao ilikuwa mchana, natoka kumtibu ng'ombe wa jirani. Nilipiga hodi na hakuna aliyeitika, nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amelala chali kwenye mkeka kivulini, ameinua mguu mmoja umenyooka, anatetemeka. Mzee alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono wake chini ya kisigino bila kukigusa, anahesabu kwa Kikamba polepole.

"Bado," alimwambia. "Bado kidogo. Usishushe."

Sikutaka kuwakatiza. Nilingoja mpaka mama aliposhusha mguu, ndipo nikawasalimu.