Neno Moja Kwenye Kadi Yangu

Nilianguka kwenye foleni ya kupimia majani chai, kule Wamagana, kapu likiwa bado mgongoni. Pumzi ilikataa kuingia. Majirani wakamwita daktari wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Akachuchumaa, akanishika mkono, akatazama saa yake, kisha akawaambia watu, "Mapigo iko sawa kabisa. Huyu mama amechoka na kazi tu." Wakacheka. Mmoja akasema hata yeye amechoka, abebwe. Mimi nilikuwa nazama nchi kavu, na hata kusema hapana sikuweza.

Miaka saba kabla ya siku hiyo, moyo wangu ulikuwa unasimamasimama na kunibwaga shambani. Nairobi wakanipasua chini ya bega, wakaweka kifaa cha betri na waya wake hadi moyoni. Sikuzimia tena. Wakanipa kadi, wakasema kila mwaka moyo upigwe picha, kwa sababu kifaa kinaweza kuuchosha pole pole. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nililishika.

Kadi nilimpelekea daktari wetu, huyo huyo wa zahanati. Akasema Nairobi ni mbali, atanipima yeye. Kila mwaka ananishika mkono, anahesabu, anaandika neno moja: sawa. Miguu ilipovimba, akasema nipunguze chumvi. Nilipoanza kulala nimeketi, mzee wangu akaniambia, "Daktari ameandika uko sawa. Wewe unatafuta ugonjwa ya nini?" Nikabeba kapu.

Baada ya kuanguka ndipo nikapigwa picha, Nyeri mjini. Daktari wa huko alikuwa kijana, mpole. Akanionyesha moyo umepanuka, umelegea kama mfuko mkuukuu. Waya ulikuwa unausukuma kutoka upande mmoja, miaka yote hiyo, upande wa pili ukifuata umechelewa.

"Lakini mapigo yalikuwa sawa," nikamwambia.

"Mama, hayo mapigo ni ya kifaa. Hata moyo ukiwa unaisha, mkononi yatahesabika vizuri."

Sasa nachuma majani kwa macho tu, nimeketi mlangoni. Mzee wangu ananichotea maji na hanitazami. Yeye ana lake la kujibu, lakini hakusomea udaktari.

Wa zahanati alisoma. Bado yuko pale, bado anashika watu mikono. Kadi ninayo. Nataka aje aketi hapa mbele yangu, asome neno lake mara saba, kisha aniambie: alikuwa anapima moyo wangu, au betri?