Mawe ya Uani

Fundi kompyuta hagusi kibodi kabla hajaipuliza vumbi. Huchora nyumba moja, akainakili mtaa mzima, na Temeke ikaota kiooni. Wakubwa wataitembelea humo, na barabara mpya itapita pale watakapoona patupu.

"Dada, karibu kwenu," alimwambia Naima, aliyekuja kuiona nyumba yao mle kiooni, akibonyeza kwa kidole kimoja. Picha ikaingia mlangoni, ikavuka ukumbi, ikatokea uani. Uani palikuwa peupe. Naima akashika kiti.

"Kaka, yako wapi yale mawe mawili?"

"Nimeyafuta. Mashine inakuwaga nzito."

"Yale ni kaburi la mama! Na hapo umemkanyaga."

Kidole kikaganda hewani. Kisha fundi, bila kuigeuza picha, akaanza kuirudisha kinyumenyume, taratibu, mpaka mlangoni.

"Tuonyeshe alipolala," akasema.