Nilisema Mpwa Wangu Ameajiriwa

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Niiteni mjinga, nitaitika!

Mimi si mtu wa kudharauliwa hapa mtaani Manyatta. Nina diploma. Nilikaa Doha miaka minane. Nilianza kwa kubeba mabomba, nikaondoka nikiwa msimamizi wa stoo nzima. Duka langu la vifaa vya ujenzi kila fundi analijua. Hakuna ofisi iliyonishika mkono, na hayo nilikuwa nikiyasema hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Atieno, binti wa dada yangu, aliishi kwangu. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea usindikaji wa vyakula. Asipofanya mafunzo ya kazini miezi mitatu, hahitimu.

Basi alikuwa haondoki ofisi ya ajira ya chuo. Enzi zetu ofisi hiyo ilikuwa ubao wa matangazo na mlango uliofungwa. Siku hizi wanafundishwa kuandika CV, wanafanyiwa mahojiano ya majaribio, na kompyuta inawatafutia kampuni inayowafaa. Siku moja nilimkuta sebuleni akiieleza simu yake udhaifu wake. Nilicheka sana!

"Hata kuomba kazi mnafanyia mazoezi kama kwaya?"

"Nera," akasema. Ndivyo tunavyomwita mjomba kwa Kijaluo. "Wewe ulibisha milango. Siku hizi mlango wenyewe uko kwenye mtandao."

Ijumaa moja alikwenda kwa mama yake, kijijini Pap Onditi, simu yake ikazimika. Ofisi ikapiga yangu, kwa sababu aliniandika kama mtu wake wa karibu.

"Mzee, tunamtafuta Atieno. Kampuni ya samaki imemchagua, aanze Jumatatu. Tunataka jibu kabla ya saa kumi."

Duka lilikuwa limejaa wateja. Nikapaza sauti ili wasikie.

"Madam, huyo ameajiriwa tayari. Na mimi!"

"Una uhakika? Ameisubiri nafasi hii miezi minne."

"Mimi ndiye mjomba wake. Nimesema."

Ee Mungu wangu! Ningeweza kumtuma mtu wa boda boda Pap Onditi. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilitaka akae kwenye kaunta yangu, awe ushahidi kwamba njia yangu ndiyo njia.

Aliporudi Jumapili sikumwambia kitu. Jumanne akaingia dukani akitoka ofisi ya ajira.

"Nera, ulisema nimeajiriwa? Kazi gani, ya kupima misumari?"

"Mzee wa Doha, leo umeshikwa!" fundi mmoja akaropoka. Wakacheka. Atieno hakucheka.

Nilikwenda ofisini nikidhani nitalimaliza kwa maneno mawili. Yule madam akanionyesha kompyuta: kando ya jina la Atieno palikuwa na alama ya kijani na neno "Ameajiriwa". Neno langu! Anayeandikwa hivyo hatafutiwi tena nafasi. Nafasi yake ya samaki ilikuwa imeshapewa mwenzake.

"Ili tufungue faili tena, tuandikie barua useme taarifa ile haikuwa ya kweli."

Yaani niandike kwamba nilidanganya. Mimi! Niliichukua karatasi, nikakaa nayo wiki tatu. Kila nikishika kalamu naandika "kulitokea kutoelewana", nachana. Nilipoandika "nilidanganya" na kuipeleka, kampuni zilikuwa zimeshajaza nafasi zote za mwaka huu.

Wenzake wanavaa majoho mwezi ujao. Yeye atarudia mwaka. Amehamia kwa rafiki yake huko Dunga, kando ya ziwa, anasaidia kupara samaki ufuoni, samaki walewale ambao angekuwa anawapima kwenye maabara. Nilimfuata kumwomba msamaha. Akanisikiliza hadi mwisho, kisu mkononi, kisha akasema, "Sawa, Mzee." Hakuniita nera.

Wewe uliyefanikiwa kwa jasho lako, nakusihi! Wakikupigia simu kumtafuta mtoto wako, usijibu kwa niaba yake. Sema, "Ngoja nimtafute," kisha umtafute kweli, hata kama ni kwa miguu. Na ukiwa umeshakosea, iandike barua siku hiyohiyo. Uongo wangu ungeweza kurekebishwa. Zile wiki tatu ndizo zilizommaliza.