Gari Lililokatwa kwa Chaki ya Fundi Cherehani

Mamlaka inayosimamia vyombo vya barabarani imetamka, na tamko lake limebandikwa mahali ambapo kila mwenye macho analiona, kwamba gari ni chombo kilichotoka kiwandani kwa umbo ambalo kiwanda kilikusudia, na kwamba chombo chochote kilichobadilishwa umbo hilo na mtu binafsi, kwa sababu yoyote ile, si gari. Tamko halisemi chombo hicho kitakuwa nini. Limeishia hapo, likagongwa muhuri, na chini yake mtu mwingine amebandika tangazo la chumba cha kupanga.

Fundi cherehani aliyeitwa Pindo alilisoma tamko hilo kwa utulivu mkubwa, huku ameshika pembe ya karatasi kati ya vidole viwili, kama anayepima uzito wa kitambaa. Wakati huo gari lake lilikuwa limekwisha kukatwa.

Jina la Pindo alipewa na wateja, naye hakulikataa kwa kuwa lilikuwa la haki. Kitu chochote kikipita mikononi mwake kilitoka kimekunjwa ukingo na kushonwa. Mapazia na sketi, sawa, ndiyo kazi. Lakini nyumbani kwake hata gunia la mkaa lilikuwa na pindo, hata tambara la kupigia deki, na mkewe aliwahi kuwaambia wageni kwamba yeye halali fofofo, asije akaamka amekunjwa miguuni. Pindo alikuwa mwembamba, futi ya kamba haikumtoka shingoni hata siku za mapumziko, na maneno yake yalifanana na mishono yake: mafupi, ya karibu karibu, na magumu kuyafumua.

Kwa miaka mingi cherehani yake ndiyo iliyolisha nyumba. Kisha watu wakaanza kununua nguo zilizokwisha kushonwa, na waliobaki kuja kwake walikuja kupunguza suruali au kubadilisha zipu. Hapo nyumba ikaanza kulishwa na viti. Mkewe, Mama Viti, alikodisha viti vya plastiki, vyeupe, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine sebuleni mpaka mtu akitaka kufika chumbani apite ubavu ubavu. Harusi, vikao, misiba, kote huko watu walihitaji kukaa. Pindo hakuona haya kulishwa na viti. Alivishonea vifuniko, vyenye pindo.

Shida ya viti ni kwamba haviendi vyenyewe. Msukuma mkokoteni aliyevipeleka siku zote alipata kazi kiwandani, akaaga vizuri, na waliokuja baada yake walifika wanapojisikia. Siku moja viti viliwasili msibani wakati waombolezaji wanarudi kutoka makaburini. Watu walikuwa wamesimama kutwa nzima. Mfiwa alimshukuru Mama Viti kwa adabu iliyouma kuliko matusi, na tangu siku hiyo wateja wakaanza kwenda mtaa wa pili, kwa bwana mmoja mwenye viti na lori lake. Bwana huyo alikuwa muungwana. Alikuja mwenyewe, akakalia kimojawapo cha viti vile, akasema hapendi kuona mwanamke akihangaika, na kwamba mwisho wa mwezi yuko tayari kuja kuvinunua vyote. Mama Viti akamwambia atamjibu siku hiyo hiyo ikifika. Bwana alipoondoka, Mama Viti akakipangusa kile kiti.

Uani kulikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la milango minne, la rangi ya maziwa enzi lilipokuwa na rangi. Pindo alilinunua cherehani ilipokuwa na neema, likamtumikia, kisha asubuhi moja likakataa kuwaka na hakuna aliyelibembeleza. Kutu ilianza chini ya milango, ikapanda polepole bila haraka, kama mtu aliyejua kwamba hatafukuzwa. Ndani yake Mama Viti aliweka viti vilivyovunjika miguu. Injini, alisema makenika aliyeitwa kuitazama, ilikuwa nzima kabisa isipokuwa vitu vidogo vidogo, na hivyo vidogo vidogo akavitaja kwa muda mrefu.

Wazo lilikuwa la Mama Viti. Alilitoa wakati wa kula, bila kuinua macho: paa likatwe kuanzia nyuma ya dereva, buti lifunguliwe, milango ya nyuma izibwe, pawe na bodi la kubebea viti. Pikapu. Pindo akasema gari lile ndilo lililompeleka Mama Viti mwenyewe hospitali kujifungua. Mama Viti akasema anakumbuka, alikuwemo. Pindo akasema kiti cha nyuma alikishona kwa mkono wake. Mama Viti akasema kiti kitolewe kizima, kikae nje ukutani, wapumzikie jioni. Pindo akamaliza kula. Kisha akanawa mikono na kuuliza kama kuna mifuko mitupu ya saruji, kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kukikata bila kwanza kukitengenezea kipimo cha karatasi.

Kazi ya moto alipewa mdogo wake Mama Viti, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, aliyeitwa Cheche kwa sababu mashati yake yote yalikuwa na vitundu. Kati ya mashemeji hawa wawili utani haukuwa na likizo. Cheche alikuta gari limevishwa karatasi za saruji, limechorwa chaki kila upande, na shemeji yake amepiga magoti nyuma ya buti, pini mdomoni. Akauliza mteja anakuja lini kulijaribu. Akauliza pia kama litakuwa na mikono mirefu au mifupi. Alipochoka kucheka akaona kwamba kila mstari wa chaki ulikuwa na mwenzake, sambamba, vidole viwili kwa nje.

"Shemeji, huu wa nje wa nini?"

"Nafasi ya mshono."

"Hiki ni chuma. Hakirudi kikifuliwa."

"Kata wa nje," akasema Pindo. "Ya kupunguza nitapunguza. Ya kuongeza nitaitoa wapi?"

Cheche akakubali kukata wa nje, kwa kuwa chuma ni cha mwenyewe. Basi kila kipande kilichokusudiwa kuongezwa kwenye gari, yaani ukuta wa nyuma ya dereva na mbavu za bodi, kikakatwa kikubwa kuliko haja, kutoka kwenye mabati ya zamani aliyokuwa nayo kibandani.

Lilibaki paa, na hapo ndipo adabu za kazi zilipoleta hasara. Pindo hakuwahi kumalizia gauni kabla ya kulitundika. Gauni hutundikwa, likaachwa lijinyooshe lenyewe, mtu akaona linavyoanguka, ndipo mkasi ukapita. Akataka na gari litundikwe. Cheche alibisha kidogo, akachoka, akaliinua kwa jeki na kuliegemeza juu ya mawe, mbele na nyuma, magurudumu hewani, katikati hakuna kitu. Pindo akalizunguka, akalitazama kwa mbali jicho moja amefumba, akaridhika na anguko lake. Cheche akaingia ndani na mashine ya kukatia.

Mshipi wa mwisho wa paa ulipokatika, gari lilitoa sauti kama ya mtu mzito anayekaa baada ya safari, likabonyea katikati. Milango ya mbele ikabanwa kama meno. Cheche, aliyekuwa ndani, alijaribu mmoja, akajaribu wa pili, kisha akapanda juu ya kiti na kutokea nyuma, mahali ambapo zamani palikuwa na paa. Alisema tu kwamba sasa amejua mapazia yanavyojisikia.

Mama Viti alitoka jikoni, akalitazama gari, akamtazama mumewe.

"Linafumuka?"

Pindo akasema anafikiri. Mama Viti akarudi ndani, na baada ya muda mfupi wakasikia anaosha viti, kimoja kimoja, kwa maji mengi, jinsi mtu anavyoosha kitu anachotaka mnunuzi akione. Pindo aliketi kwenye kile kiti cha nyuma kilichokuwa kimetolewa na kuegemezwa ukutani, futi shingoni, akisikiliza maji. Cheche alikuwa na mzaha mzuri ambao ungefaa sana hapo. Hakuutoa.

Kesho yake waliweka jeki katikati na kulipandisha lile bonde unywele kwa unywele, Pindo akipima kila mara kwa futi kutoka kona hadi kona, mpaka milango ikafunguka na kufungwa kwa kidole kimoja. Cheche akachomelea mabomba mawili ya mraba chini, kutoka mbele hadi nyuma, ya aina anayowekea mageti ya watu wanaoogopa wezi. Gari likanyooka. Lakini lilinyooka kwa namna yake, si kama lilivyokuwa mwanzo. Huku juu pakawa pamepanuka, na ule ukuta wa nyuma ya dereva, ambao ungekatwa kwa mstari wa ndani ungeacha pengo la kupitisha paka, ukafika. Ulizidi kwa ukubwa wa kucha tu. Cheche aliuangalia muda mrefu, akavaa miwani yake ya giza, akauchomelea bila kusema neno, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni hotuba.

Mabati ya mbavuni yaliyozidi Pindo hakuyakata. Aliyakunja kwa nyundo, mara mbili, ukingo ukajificha ndani, pande zote za bodi na kwenye kilango cha nyuma. Kazi hiyo ilimchukua muda kuliko zote, na hakutaka kusaidiwa. Sakafu ikawekwa mbao, makenika akamaliza vitu vyake vidogo vidogo, na gari likapakwa rangi ya bluu kwa kuwa ndiyo Cheche aliyokuwa amebakiza kwenye geti la mtu.

Ndipo Mama Viti aliporudi kutoka ofisi ya mtaa na habari za tamko. Bila kibandiko cha ukaguzi, pikapu ingekamatwa safari ya kwanza, na viti vikiwa juu. Pindo akaenda kulisoma mwenyewe, kama ilivyokwisha kusemwa. Aliporudi, mkewe alimuuliza anavyoliona. Akasema limeandikwa vizuri, ila limekatwa bila nafasi ya mshono.

Walikwenda kwenye ukaguzi wote watatu, wamebanana kwenye viti viwili vya mbele, mwezi ukielekea kwisha. Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye ovaroli safi kupita kiasi. Alilizunguka gari mara moja, akasimama, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba hili si gari. Mama Viti akauliza ni nini. Mkaguzi akasema hilo halimo katika tamko.

Lakini mikono ina mazoea yake. Huku akieleza kwa nini hawezi kulikagua, alikuwa amekwisha kulikagua. Alikanyaga breki, akawasha taa, akazungusha usukani, akalala chini na kugonga yale mabomba ya mraba kwa bisibisi. Mwishowe akapitisha kiganja kwenye ukingo wa bodi, kwa uangalifu, kama mtu ambaye amewahi kuchanwa na bodi zilizoundwa nyumbani. Kiganja kikateleza mpaka mwisho. Akakirudisha, kikateleza tena. Akauliza ni fundi gani aliyekunja vile.

"Mimi," akasema Pindo.

"Wewe ni fundi wa nini, mzee?"

"Cherehani."

Mkaguzi akamtazama Mama Viti kuona kama anafanyiwa mchezo. Cheche akafungua mdomo, na dada yake akamkanyaga.

"Bosi," akasema Mama Viti, "kuna mtu anakuja mwisho wa mwezi kuchukua viti vyangu. Hili likikataliwa, nitampa. Nikimpa, huyu mzee atabaki anapunguza suruali na mimi namtazama. Basi niambie tu, nijue."

Mkaguzi akaegemea bodi, akafikiri kwa sauti. Kulipitisha hawezi, kwa kuwa yanayopitishwa ni magari. Kulikataa nako kuna tatizo, kwa sababu kukataa ni kusema gari ni bovu, na bovu haliwi bovu mpaka kwanza liwe gari. Zaidi ya hayo, breki zake zilishinda za magari kadhaa aliyoyapitisha asubuhi ile, mojawapo likiwa la ofisi. Hivyo jambo hili litapelekwa juu. Juu watakaa, watalitazama, watatoa maoni. Mpaka hapo watakapokaa, hajaona popote palipokatazwa kitu ambacho si gari kubeba viti, alimradi taa zinawaka. Akatoa kibandiko cha muda, akakibandika kwenye kioo cha mbele, akakipiga pasi kwa kidole gumba. Mama Viti aliuliza juu huwa wanakaa lini. Mkaguzi akasema yeye hajawahi kuwaona wamekaa.

Pindo akawasha, wakaelekea getini. Mlinzi wa hapo alilijua tamko kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nakala yake ilibandikwa mbele ya kiti chake na hakuwa na kitu kingine cha kusoma. Akasimama katikati ya njia, mkono juu. Akatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kwamba amri aliyopewa ni kufungulia magari tu. Pindo akazima injini. Mama Viti akaubana mkoba wake kifuani.

Mkaguzi alikuwa amekwisha kuingia chini ya basi lililofuata, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Fungulia hilo gari lipite," akasema kutoka huko chini, "linaziba njia."

Mlinzi akafungua.