Mkono Juu ya Spika

Elkana Odoyo wa Uriri alikuwa DJ wa matanga kwa miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia asimame mbali na spika. Angesimama wapi? Turubai lilikuwa dogo, nyaya zilikuwa fupi, na wafiwa walitaka muziki ufike ng'ambo ya mto. Sikio la kulia lilikufa kwanza. La kushoto likaanza kuaga mwaka juzi, likamwachia mngurumo tu. Daktari mmoja wa Homa Bay alimwonyesha karatasi yenye mstari wa usikivu unaoteremka, akamshauri atafute kazi nyingine. Elkana alishukuru, akaikunja ile karatasi na kuificha kwenye boksi la nyaya. Hata mkewe, Mourine, hakuambiwa.

Tangu hapo akawa DJ wa macho. Aliacha benga, muziki wa Waluo ambao magitaa yake yalikwishampotea, akahamia muziki wa house, kwa sababu ngoma yake hupiga mapigo manne yaliyo sawa na mtu anaweza kuyapokea kwa kiganja. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya spika, wa kulia kwenye mashine ya kuchanganyia nyimbo. Mengine yote aliyasoma kwenye laptop: wimbo huu una mapigo mia moja na ishirini kwa dakika, ule mia moja ishirini na mbili, huu uko kwenye ufunguo fulani, yaani kimo fulani cha sauti, ule kwenye ufunguo unaopatana nao. Akisawazisha kasi na kuchagua funguo zinazopatana, nyimbo mbili ziliingiana kama maziwa na chai. Watu walimsifu kuliko zamani, na sifa hizo zilimuuma.

Aliyemfundisha kazi ni Mwalimu Monari, Mgusii mwenye studio ndogo mjini Migori, mzee mkali asiyeamini namba.

"Hiyo laptop iko na masikio?" alizoea kuuliza. "Wewe sikiza. Nyimbo mbili zikigombana, tumbo itakuambia."

Mwezi wa tatu Monari alilazwa, na ikajulikana kwamba hatoki. Elkana alikwenda kumwona, akaketi karibu sana ili amsome midomo. Mzee alimkazia macho kwa muda mrefu.

"Bado unasikia vizuri?"

"Nasikia, Mwalimu."

"Basi utanizika na house. Kwaya ya mke wangu Edith waimbe juu yake. Uwaingize polepole."

Elkana aliahidi. Alimdanganya mtu anayekufa, na alijua anamdanganya. Aliogopa kwamba akisema kweli, heshima ya kumsindikiza Mwalimu atapewa mwingine.

Sasa, kwaya za kanisa haziji na ufunguo ulioandikwa. Kiongozi akianza juu, wote wanapanda naye. Akianza chini, wanashuka. Elkana alilijua hilo tangu enzi za masikio yake. Monari alipofariki, siku ya Alhamisi kabla ya maziko akawarekodi wanakwaya wakifanya mazoezi, akailisha laptop, nayo ikampa ufunguo na mapigo mia moja kumi na nane. Akachagua house ya ufunguo uleule, akaipunguza kasi mpaka namba zikalingana. Kwenye skrini kila kitu kilikaa mahali pake.

Jumamosi, saa sita mchana, jeneza likiwa chini ya turubai, kwaya ilisimama kwenye maikrofoni. Kiongozi alikuwa Liz, mpwa wa marehemu. Alikuwa amelia tangu alfajiri, sauti imemkauka, akaanzia chini kuliko siku ya Alhamisi. DJ yeyote mwenye masikio angebonyeza kitufe kimoja, mara moja au mbili, house nayo ikashuka. Elkana aliona mdomo wa Liz umefunguka, akaiingiza house polepole kama alivyoagizwa. Makofi ya kwaya yalikwenda sawasawa na mapigo kiganjani mwake. Alifurahi, maskini, hata machozi yakamlengalenga.

Akaona watu wanainamisha vichwa. Mama mmoja alijishika masikio kwa mikono miwili. Elkana akadhani uchungu umewashika, akaongeza sauti.

Waimbaji walifunga midomo mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Liz. Vijana wawili nyuma ya turubai walikuwa wanacheka. Ndipo Edith, mjane, akainuka kitini, akaja mpaka kwenye mashine, akamshika mkono.

"Zima," alisema. "Elkana, husikii vile zinagombana?"

Aliizima.

"Sisikii, mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na Monari alikuuliza."

"Aliniuliza."

Edith hakumfokea. Ingekuwa nafuu kama angemfokea.

"Ungemwambia, angesema ukae mbele na watoto wake," alisema. "Hii mashine tungepea mtu mwingine."

Akarudi kwa wenzake. Kwaya ilianza upya bila maikrofoni, jeneza likanyanyuliwa, na wote wakalifuata kaburini wakiimba. Mourine peke yake alibaki amesimama kati ya viti, akimtazama mumewe. Alikuwa amesikia kila neno. Elkana aliona migongo ya waimbaji ikipanda na kushuka. Wimbo wenyewe hakuupata. Mkono wake ulikuwa bado juu ya spika iliyozimwa, na hakuuondoa mpaka walipomaliza kufukia.