Nilivyokufa kwa Kifaransa Doha, Bungoma wakaanza matanga

Wakuu, salaam kutoka kwa mtu aliyewahi kuliliwa akiwa hai.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuandika neno. Leo acha nami nitoe yangu. Yamenipata mwenyewe, hii sio chai ya kutunga, na ukifika mahali pa kucheka ujue siku hiyo mimi sikucheka.

Twende polepole.

Miaka ile simu za kupangusa ndio zinaanza kuingia mikononi mwa kila mtu, mimi nilikuwa askari wa lango Doha. Kampuni ya ulinzi ilinipeleka kwenye kituo kimoja cha utamaduni cha Wafaransa, mtaa wa Bin Mahmoud. Kulala nalala kambini Wakrah, nje ya mji, na wenzangu, asubuhi basi la kampuni linatuleta mjini.

Kazi ilikuwa rahisi. Fungua lango, funga lango, sema bonjour.

Baada ya muda bonjour yangu ilinyooka hadi wageni wakawa wanaendelea kuniongelesha. Mimi naitikia kwa kichwa tu mpaka wachoke waingie ndani.

Niseme kidogo kuhusu hawa watu. Nilidhani ni sisi Wakenya tu tukifika ng'ambo tunaunda chama kabla hatujafungua mabegi. Wapi. Wafaransa wakifika watatu mahali wanaanzisha chama. Akija wa nne, kinagawanyika viwili.

Pale kituoni kulikuwa na chama cha mvinyo kisichokuwa na mvinyo, kwa sababu ya sheria za nchi. Walikuwa wanakutana kuzungumzia tu. Kulikuwa na cha kurusha vyuma kwenye mchanga, na kingine cha waliotoka kwenye hicho cha vyuma kwa hasira. Jioni kuna madarasa ya lugha, na humo utakuta Walebanoni, Wasenegali, hata watoto wa Kiqatari wanaoletwa na madereva.

Na kulikuwa na kikundi cha maigizo. Hicho ndicho kilichoniua.

Kikundi kiliongozwa na Madame Colette, mwalimu wa Kifaransa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila mwaka walikuwa wanaigiza mchezo mmoja mbele ya Wafaransa wenzao wa Doha. Mwaka huo ulikuwa wa kuchekesha: mzee tajiri amekufa, amelazwa kwenye jeneza sebuleni, na wajukuu wanagombania urithi juu ya kichwa chake.

Mzungu aliyepangiwa kuwa maiti alikuwa mhandisi wa gesi. Siku chache kabla ya onyesho, kampuni yake ikamhamishia Gabon.

Madame akahangaika kweli. Wanaume wengine wote walikuwa na maneno ya kusema, na Mfaransa aliyepewa maneno ya kusema hakubali kuyaacha. Mmoja akajaribu kulala kwenye jeneza, akawa anacheka.

Mimi nilikuwa langoni juani, nimesimama wima kama nilivyofundishwa. Madame akatoka nje kuvuta sigara, akaniangalia. Akamaliza sigara, bado ananiangalia. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hajawahi kuona binadamu asiyetikisika namna hii.

Wakuu, mtu akisifiwa na mudir, yaani bosi, anajisahau. Nikakubali hapohapo. Yeye mwenyewe akampigia supervisor wangu nikaruhusiwa.

Nilimuuliza swali moja tu: wajukuu wote ni wazungu, babu yao atakuwaje Mbukusu wa Bungoma kama mimi? Akasema kwenye sanaa watu hawaulizi maswali kama hayo. Na kweli, hakuna aliyeuliza.

Mazoezi yakaanza. Maiti hana mengi ya kukariri, nikaona nichangie utaalamu. Nikawaambia kwetu marehemu huwekwa pamba puani. Madame akafurahi kupita kiasi, akatuma mtu duka la dawa.

Hiyo pamba, wakuu. Laiti ningenyamaza.

Onyesho likawa Ijumaa alasiri. Kila mwigizaji aliruhusiwa kualika mtu, mimi nikamwalika Kato. Kato ni Mganda, tulikuwa chumba kimoja, roho safi sana. Shida yake Kiswahili chake alikiokota kwetu sisi Wakenya wa kambini, kipande leo, kipande kesho.

Nikalazwa kwenye jeneza: suti nyeusi, mikono kifuani, pamba puani, maua pembeni. Simu nimeizima, iko kwenye begi.

Pazia likafunguliwa. Mjane wangu, mama mmoja wa Kifaransa mwenye mvi aliyevaa nyeusi juu hadi chini, akaanza kunililia. Yule mama alikuwa na kipaji. Machozi ya kweli, yananidondokea shingoni, na siruhusiwi kujipangusa.

Wajukuu wakaingia, wakaanza kugombana. Kifaransa cha kugombana kwa kasi kinabembeleza ajabu. AC inapuliza, jeneza limetandikwa godoro laini kuliko la kambini.

Nikalala. Usingizi kabisa.

Niliambiwa baadaye kwamba wakili alipofika kusoma wosia, mimi nikakoroma. Ukumbi ukaangua kicheko. Wakili akangoja, akaanza tena, nikakoroma tena palepale kwenye jina la mrithi. Watu wakafikiri ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Niliamshwa na makofi.

Tukapigwa picha, tukala. Wafaransa wakanishika mkono mmoja mmoja, wananiita monsieur. Nikarudi Wakrah kifua mbele, nikajitupa kitandani bila kuwasha simu.

Asubuhi naiwasha. Ikatetemeka mpaka ikaanguka chini.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa binamu yangu: "Kaka, kama ni uongo jibu." Wa pili kutoka kwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, unasema Mungu ampumzishe. Nikajiuliza ampumzishe nani. Nikaendelea kusoma, nikakuta ni mimi.

Nikamwamsha Kato. Akanionyesha alichoweka Facebook kwa furaha yake yote. Picha yangu ndani ya jeneza, mdomo wazi kidogo, pamba puani, wazungu wamevaa nyeusi wanalia. Juu yake ameandika: "Wekesa ametuacha."

Nikamuuliza hii ni nini.

Akasema si ndivyo nyinyi mnasema mtu akichekesha sana?

Tunasema "ametuacha hoi," Kato. Hoi.

Akasema hilo la mwisho alidhani si lazima.

Nicheke au nimpige? Sikupata nafasi ya kuamua, maana niliwaza nyumbani. Mjue mwaka huohuo kijana wa kijiji cha jirani alikuwa amerudishwa kutoka Gulf ndani ya sanduku. Mama alienda kumzika. Kwetu habari kama hiyo mtu hasubiri kuhakikisha.

Nikapiga simu ya Mama. Ikapokelewa na mjomba Makokha, kaka yake Mama. Huyu ndiye mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi pande zetu, hata akiwa hajachaguliwa.

Nikamwambia, "Mjomba, ni mimi Wekesa."

Akasafisha koo. Halafu akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nyinyi matapeli mnaopiga simu za uongo kutoka gerezani mna roho ngumu, hata maiti haijafika mmeshaanza. Akakata.

Nikapiga tena. Nikamwomba aniulize swali lolote. Akaniuliza ni mnyama gani alinifukuza nikiwa mdogo mpaka nikapanda juu ya tangi la maji. Nikamwambia ni bata mzinga wa mwalimu mkuu.

Mjomba akavuta pumzi. "Hilo hata marehemu angelijua," akasema.

Sasa hapo, wakuu, utajibu nini? Kila ninalolijua mimi, marehemu naye analijua.

Na wakati tunabishana nikasikia nyuma yake mtu analia. Si kilio cha kelele. Ni kile cha mtu aliyelia usiku kucha akabakiwa na pumzi tu, anataja jina langu na la babu niliyerithi jina lake. Mama.

Nilikaa sakafuni, nikalia na mimi. Kato naye akalia. Tukawa tunaniomboleza pande zote mbili.

Mjomba akasema kama kweli ni mimi, nionekane. Sauti ya simu yeye haiamini. Tukaelewana: yeye atampeleka Mama kwenye cyber, duka la intaneti, pale Kimilili karibu na kwetu, mimi nitafute kompyuta yenye kamera.

Nikakimbilia Bin Mahmoud. Jumamosi Wafaransa hawafanyi kazi, lakini Madame alikuwepo kupanga viti. Nilipomweleza, akakaa kwenye kimojawapo na kushika kichwa. Akasema amemtesa mama wa mtu, na ni lazima kikundi kizima kimwombe radhi.

Nikasema hapana, kompyuta tu inatosha.

Hakunisikia, alishaanza kupiga simu. Na kweli walikuja, tena na nguo zao za msiba, kwa sababu Madame aliamini Mama ataelewa tu akiuona mchezo wenyewe. Mpango wake ulikuwa hivi: mimi nilale kwenye jeneza kama kwenye picha, wao walie, halafu nifufuke nimpungie Mama mkono. Mama ataona ni sanaa.

Nilipinga. Lakini mkijaribu kubishana na Wafaransa saba kwa lugha yao, nanyi mna bonjour peke yake, mtaniambia.

Nikavaa suti. Mtu akanirudishia pamba.

Simu ikaunganishwa. Upande wa Kimilili nikaona kichwa cha mjomba, kofia ya pasta, na katikati Mama amejifunga leso kichwani. Nyuma yao majirani wamejaa mpaka mlangoni. Nikapanda ndani ya jeneza haraka ili tumalize. Mjane akaanza kulia. Mama akasogeza uso kwenye kioo.

Network ikaganda hapohapo.

Wakuu, nisikilizeni. Picha iliyoganda kule Kimilili ni mimi nimelala kwenye jeneza, macho nimefunga, wazungu wamenizunguka. Huku Doha picha yao haipo, ila sauti inakuja. Nikasikia kilio kimeanza upya, cyber nzima. Nikasikia pasta anaanzisha wimbo.

Nikaruka kutoka kwenye jeneza nikaangusha maua. Nikashika kamera kwa mikono miwili napiga kelele, "Mama, niko hapa! Mama, niangalie!" Wafaransa nao wanapiga kelele kwa lugha yao. Madame anapiga kompyuta ubavuni.

Picha ikarudi. Kule wanaona uso wangu tu umejaa kioo kizima.

Wimbo ukakatika.

Mama akanikagua uso. Akasema, "Toa hiyo pamba puani."

Nikaitoa.

"Pumua."

Nikapumua. Akaweka kiganja kwenye kioo, mahali shavu langu lilipo, akakiacha hapo. Mjane wangu, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa analia upya nyuma yangu, safari hii bila kuigiza.

Mama akamwona. Akafuta macho, akakaa vizuri kwenye kiti.

"Umefufuka, tumeshukuru," akasema. "Sasa niambie. Huyo mama mzee aliyevaa nyeusi, anayekulilia kunishinda mimi, umemuoa lini?"

Kueleza hilo kulichukua muda kuliko kueleza kifo.

Nilipomtafsiria Madame kwa Kiingereza, akaanguka kwenye kiti kwa kicheko. Mjane mwenyewe alipoambiwa akainama mbele ya kamera, akamwambia Mama kwa Kifaransa kwamba ana mume tayari na mmoja anamtosha. Madame akakigeuza Kiingereza, nikamtafsiria Mama. Mama akasema hapo sasa wanaelewana.

Mjomba Makokha ndiye aliyebaki na huzuni. Hema lilikuwa limeshasimama na ng'ombe ameshachinjwa. Akatangazia majirani palepale cyber: "Wekesa amefufuka, lakini ng'ombe hawezi kufufuka. Twendeni tukale." Matanga yakageuzwa ibada ya shukrani, pasta huyohuyo, sufuria hizohizo. Niliambiwa mjomba alitoa hotuba aliyokuwa ameiandaa kwa mazishi, akabadilisha "alikuwa" ikawa "ni". Kila mtu akashangaa kumbe mimi ni mtu mwema hivyo.

Kato alifuta ile picha, akaandika nyingine: "Wekesa hajatuacha." Watu wakampa pole, wakidhani amechanganyikiwa kwa uchungu.

Mwaka uliofuata Madame alinipa nafasi yenye maneno. Nilimpigia Mama kwanza kuomba ruhusa. Akauliza kama nitakufa. Nikamwambia hapana, safari hii mimi ni daktari. Akafikiri, akasema sawa, ila na hao wagonjwa wasife, wana mama zao.

Funzo langu, ndugu walio Gulf na kwingineko: ukipata nafasi ya kuigiza kwa watu, igiza, utafurahi. Lakini jambo lolote linalokulaza chali umefumba macho, nyumbani walijue kabla halijawa picha. Huku sisi tunahesabu miezi ya kurudi, kule wao wanahesabu simu zetu, na simu moja ikikosekana moyo wa mama unamaliza hadithi peke yake.

Kiti nimekiacha wazi. Kama kuna mwenzangu humu aliyewahi kutangazwa marehemu, aje aseme aliwashawishije watu wake kwamba yu hai. Na Wabukusu mliokula yule ng'ombe, najua mko humu. Mnisalimie tu, sidai kitu.